Kigingi cha Nne

Voi, 1921

Dada yangu Saadiya,

Nakuamkia wewe na wote hapo Mombasa. Leso ulizotuma zimefika salama na treni, na yule mbuzi wetu mweusi amezaa mapacha.

Habari kubwa ya hapa ni msikiti. Mwezi mzima wanaume wanavuta kamba na kuchomeka vigingi, na hakuna aliyechimba hata shimo. Walianza na mahali pa kuswalia tu. Abdulghani mwenye duka akataka na chuo cha watoto, vigingi vikasogezwa. Mwingine akataka chumba cha wageni wa reli, vikasogezwa tena. Hata mume wangu Miraj akataka baraza, na aliponiambia hakunitazama usoni.

Juzi nikamwambia, "Waulize kitu kimoja tu. Mnajenga ili mpate nini?"

Akawauliza. Abdulghani akajibu, "Tupate kuswali Ijumaa bila kuungua na jua." Wakajihesabu, wako thelathini na mmoja. Safu nne zinawatosha, na birika la kutawadhia. Mengine wameyaacha, na kesho wanachimba msingi.

Sikukuandikia mapema, dada, kwa sababu sikuweza. Kigingi cha nne kilikuwa kimefika hatua mbili kutoka kaburi la mwanetu Alwi.

Leo asubuhi Miraj alikwenda peke yake akaking'oa. Alirudi na udongo mikononi, tundu amelifukia. Nikammiminia maji anawe.

Mdogo wako,
Zaitun