Mstari wa Mikonge

Tala, Machakos

Kwa kaka yangu Hamisi,

Assalamu alaykum. Salamu hizi zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani. Natumai goti la Mama limetulia na usiku anapata usingizi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku bado hatujaelewana. Nalala na soksi, nawe cheka utakavyo.

Ujumbe wako niliupata. Unataka niridhie shamba la marehemu Baba likodishwe kwa wakata mawe, nao wakimaliza watafukia na kupanda miti. Sikukupigia kwa sababu sisi kwenye simu hukatizana, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Tunarudisha majani na miti kwenye kware, yaani pale palipochimbwa mawe pakaachwa wazi. Shimo letu liko nje kidogo ya Tala, kwenye ardhi ya ndugu wawili, Mzee Kioko na mdogo wake Mutiso. Waliikodisha pamoja, mawe yakaisha, mwenye mashine akaondoka zake. Udongo wa juu, ule wenye rutuba, ulikwisha kuuzwa zamani. Tulilaza kingo kwa tingatinga, tukaleta udongo wa kuokoteza kutoka kwenye ujenzi wa barabara, tukauchanganya na samadi. Mvua ya kwanza ikauteremsha wote hadi chini.

Nikakumbuka mashamba ya mkonge kule kwetu, jinsi mizizi yake inavyoshika ardhi. Nikatafuta miche, nikapanda mstari mmoja mrefu katikati ya mteremko. Mama Ndunge, kiongozi wa kina mama tunaofanya nao kazi, siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni. Angekuwapo angenizuia.

Asubuhi yake nilikuta mikonge yote imeng'olewa na kupangwa vizuri kando, na Mzee Kioko amesimama hapo na panga.

“Wewe kijana ya Mombasa,” akasema, “nani amekutuma unikatie shamba?”

Nikaanza kumweleza habari za udongo na mvua. Alinikata kauli.

“Hapa kwetu makonge ni mpaka. Ukipanda hapo, umesema shamba ya Mutiso inafika hapo. Amekupatia nini huyo?”

Mutiso naye akaja mbio kutoka upande wa pili. “Rudisha hiyo makonge! Hapo ndio mpaka ilikuwa. Mama mwenyewe alipanda hapo!”

“Asi! Mama alipanda huko chini, na wewe ulikuwa bado unanyonya!”

Waligombana mpaka jua likatuchoma sote. Baadaye Mama Ndunge akanieleza kwamba mstari wa mama yao ulikuwapo kweli. Mawe mazuri zaidi yalikuwa chini yake, na wao wenyewe walikubaliana ung'olewe. Ardhi bado iko kwa jina la marehemu mama yao, haijawahi kugawanywa kwa karatasi.

“Na hawa walikuwa wanakula sahani moja,” akasema. “Saa hii hata kwa matanga kila mtu anakaa upande yake.”

Mikonge sikuirudisha. Kina mama walichimba matuta ya kukinga maji kama wanavyochimba mashambani kwao, na mvua iliyofuata haikuchukua kitu. Nyasi zimefika magotini na miche ya migunga imeshika. Wakaguzi walikuja, wakapiga picha, wakaridhika. Mimi pia nimeridhika na kazi yenyewe.

Ila hakuna anayezikata nyasi zile. Kiangazi kimeingia, watu wanakwenda mbali kutafuta malisho, na ng'ombe wa Kioko na wa Mutiso wote mbavu nje. Mmoja akishika mundu, mwenzake anapiga kelele kwamba anaibiwa. Nyasi zinakauka zikiwa zimesimama. Nimezipanda mimi, Hamisi, na kuzitazama kunaniuma.

Sasa turudi kwenye shamba letu. Wakikuambia miti itaota tena, usibishe, itaota. Lakini juzi nilijaribu kukumbuka sehemu yako inaishia wapi na yangu inaanzia wapi. Kwenye mkanju mkubwa? Kwenye kichuguu? Sijui, na sidhani kama wewe unajua. Wewe huokota korosho kote, nami nikija naokota popote. Hatujawahi kuulizana.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Na kama umeshatia sahihi, basi chukua na sehemu yangu, liwe lako lote, lichimbwe likiwa la mtu mmoja. Sitaki siku moja nyasi ziote vizuri halafu mimi na wewe tusimame juu yake na mapanga.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kuchua goti nitamletea mwenyewe. Nisalimie shangazi yetu muuza mahamri, na fundi cherehani jirani yetu ambaye kanzu yangu bado anaishona tangu mwaka jana. Shemeji yangu, mkeo, msalimie kwa heshima zote.

Idi nitakuwa nyumbani. Usimwite mpimaji wa ardhi. Mwambie shemeji atupakulie sahani moja.

Mdogo wako,
Salimu