Stika Juu ya Chokaa

Jumatano, 1995

Na sikumwomba radhi. Zuhura, mpwa wangu mjane, amefungua duka lake la kushona leo, Mji wa Kale. Nilikuwa nimemwapia kuwa stika niliyomchagulia mimi, fundi wa mabango, ya kuandikia jina la duka, ni ile inayobandikwa melini, haijui jua wala chumvi. Kumbe ni ile nyembamba ya vioo vya ndani, nami nikaibandika juu ya ukuta wa chokaa. Mbele ya wageni jina lote likabanduka, likamwangukia kichwani pamoja na unga wa chokaa.

"Mjomba, si ulisema ya meli?"

"Meli hazina mkosi wako. Mume hakudumu nawe, stika itadumu?"

Wageni wakacheka. Yeye akafunga mlango.

Jioni hata watu wa mtaa wa Majengo washasema duka lile lina mkosi. Naogopa hatapata mteja. Lakini afadhali yeye aitwe mkosi, kuliko mimi kuambiwa si fundi.