Nimekwenda Mahakamani

Mwatumu mdogo wangu,

Wali uko jikoni, mchuzi ni wa kupasha moto tu. Mchukue Yasmin shuleni, mkae kwa Mama Shekinah hadi nipige simu. Wifi yako yuko mtaa wa Soweto mpaka jioni. Karatasi hii ondoka nayo.

Asubuhi amenichoma mkono kwa pasi, eti shati lake sikulinyoosha vizuri. Nimeufunga, usihofu. Majirani wakiuliza, ~~sema nimemwagikiwa mafuta~~ sema mke wangu kanichoma. Nimechoka kusitiri.

Nimepiga simu ofisi ya msaada wa sheria. Nilidhani watanicheka kama walivyonicheka kituo cha polisi. Mama aliyepokea akaniambia taratibu, "Amri ya ulinzi, ya kumkataza mtu asikuguse, hata baba anapewa. Njoo mahakamani na picha ya jeraha." Nikamuuliza, "Na mtoto wangu je?" Akasema, "Hakimu atalisikiliza na hilo."

Basi nimekwenda. Gesi nimezima. Dirisha la chumbani halifungi, liegemezee kiti.

Yasmin aliona yote. Aliniuliza, "Baba, kwani wewe huna polisi?" Nikamwambia ninao. Sitaki niwe nimemdanganya.

Kaka yako