Mistari Mitatu ya Bi Zuhura

Mwalimu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke kabla ya kusema neno lake. Ungeniuliza habari za maabara ningekwambia hivyo tu: nimechoka, mikono na moyo.

Miezi kumi na moja imepita tangu tukuzike Chawia. Mtu wa kushika nafasi yako hajaletwa. Kila mwisho wa mwezi daktari mkuu ananiambia, "Yuko njiani, Wakesho," nami naitikia, halafu narudi kwenye darubini. Damu ni mimi, makohozi ni mimi, choo ni mimi, kuosha sahani za kioo ni mimi. Vumbi jekundu bado linaingia chini ya mlango, na kabati la joto la kuoteshea vijidudu bado linataka teke la ubavuni ndipo liwake. Kitu kimoja kimebadilika. Tumeletewa vibofu vya mpira vya kuvutia dawa na maji yenye vijidudu kwenye mirija, na hakuna anayevuta kwa mdomo tena. Vililetwa kwa sababu yako. Hospitali nzima inaamini ulivuta homa ya matumbo kwa mdomo wako mwenyewe, ukiwa kazini. Mchungaji alisema hivyo kaburini, watu wakatikisa vichwa kwa huruma.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mkeo. Nikatikisa kichwa pamoja nao.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Msichana wa Werugha, mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, nimemaliza kidato cha nne, nimevaa sweta nzito kwenye joto la Voi, naogopa hata kugusa kikopo cha mgonjwa. Wiki ya kwanza hukunipa choo wala damu. Ulinipa maziwa lala, yale yale niliyokuletea zawadi kutoka kibuyu cha mama yangu, ukaniwekea tone chini ya darubini. Nikaona vijiti vidogo vimejaa tele, nikaruka nyuma. Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Hao si maadui, Wakesho. Hao ndio wapishi wa maziwa yenu. Tujue kwanza nani anaishi kwenye chakula chetu, ndipo tumtafute mwuaji."

Daftari lako la vyakula bado ninalo. Maziwa ya Werugha, maji ya mto Voi, samaki wa Ziwa Jipe, pombe ya miwa, kila kimoja na waliokutwa ndani yake. Hakuna aliyekutuma kazi ile. Jumamosi wenzako walipokuwa wamepumzika, wewe uliomba nafasi kwenye lori na sanduku lako la barafu, ukarudi jioni na vikopo. Na mchana, ukifika Miasenyi, ulikula kwa Bi Zuhura, kwenye hoteli yake ya mabati kando ya barabara kuu. Wali, maharagwe, na kachumbari aliyoikatakata mwenyewe kwa kisu kidogo, akaichanganya kwa mkono. Ulinipeleka mara mbili. Alikuwa akikuongezea pilipili bila kuulizwa.

Sasa nakuja pale ninapoogopa.

Madereva wa malori walipoanza kulazwa na homa ya matumbo, daktari mkuu aliamuru kila mpishi wa barabarani, kutoka Voi mpaka Miasenyi, alete choo mara tatu, siku tatu tofauti. Wewe ulinieleza sababu. Kwamba mtu anaweza kuwa aliugua zamani akapona, lakini vijidudu vimebaki kwenye nyongo yake. Yeye ni mzima kabisa, anapika, anacheka, na leo vinatoka, kesho havitoki. "Choo kimoja si shahidi," ulisema. Kisha ukaitwa Wundanyi wiki mbili, ukaniachia kazi yote.

Bi Zuhura alileta vikopo vyake vyote vitatu. Nataka ulijue hilo, yeye hakukosa. Cha kwanza nilikiotesha, hakikutoa kitu. Cha pili na cha tatu vilinikuta meza imejaa, unga wa kuoteshea uko chini kabisa ya kopo, macho yananiuma. Na kesho yake dada yangu alikuwa anatolewa mahari kule nyumbani. Gari la mwisho la kupanda milimani lingeondoka saa tisa. Nilivimwaga, Mwalimu. Nikafungua kitabu, nikaandika mbele ya jina lake: Hakuna. Hakuna. Hakuna. Mistari mitatu, kwa mwandiko mzuri ulionifunza wewe.

Uliporudi ulipitisha kidole kwenye ukurasa ule. "Huyu wa Miasenyi, mara tatu zote?"

"Zote, Mwalimu."

Ukatia sahihi. Ulifurahi hata. "Basi naweza kula kwake bila wasiwasi."

Haukupita muda mrefu ukaanza kuumwa kichwa. Ulisema ni jua. Baadaye ukasema ni malaria, ukajichoma kidole mwenyewe, ukaangalia damu yako, hukuona kitu. Ulipolazwa, damu ya kuotesha niliichukua mimi. Nilikukuta wodini midomo imekauka, huwezi kuinua kichwa, na bado uliniuliza kana kwamba ni habari za mgonjwa mwingine. "Vimeota?"

"Vimeota."

"Umepima na dawa ya kugandisha?"

"Vimeganda, Mwalimu."

Ukafumba macho, maana vikiganda kwa dawa ile ni homa ya matumbo bila shaka. "Andika namba yangu ya wodi, usiandike jina. Watu wasije wakaogopa maabara."

Dawa zilianza kufanya kazi, au tulidhani hivyo. Ulikunywa uji. Ulidai redio yako. Siku ya nne tumbo likawa gumu kama ubao, na daktari akasema utumbo umetoboka. Gari la kukupeleka Mombasa lilikuwa linatiwa mafuta ulipokata roho.

Hakuna aliyeniuliza chochote. Kila mtu alikuwa amekuona ukivuta mirija ile kwa mdomo miaka yote. Jibu walikuwa nalo tayari. Nikalichukua jibu lao, nikajifunika nalo.

Ningekuwa nimejifunika mpaka leo, lakini wagonjwa hawakuisha. Akaja dereva mmoja, akaja mwingine, akaja mwalimu wa shule aliyekuwa safarini tu. Nilikuwa nawauliza walikula wapi, na jibu nilikuwa nalijua kabla hawajafungua mdomo. Mwishowe nilikwenda Miasenyi mwenyewe, nikampa Bi Zuhura vikopo vitatu vipya. Hakulalamika. Cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu kilitoa madoa meupe, yamekaa peke yake katikati ya yale mekundu ya vijidudu vya kawaida vya tumboni. Nikaweka tone la dawa, likaganda kama maziwa yaliyokatika. Nilikaa kwenye kiti chako mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha.

Huenda vile vikopo nilivyomwaga vingetoa kitu. Huenda visingetoa. Huenda ni mrija kweli, kama wanavyosema. Vijidudu ni vile vile, na maabara yetu haina njia ya kujua vilipitia wapi kuja kwako. Hilo ndilo linalonichosha kuliko kazi, Mwalimu. Sitajua kamwe.

Nilimwambia Bi Zuhura akiwa anapepeta mchele. "Mwanangu, mimi sijaumwa hata kichwa miaka na miaka," alisema. Kisha akakumbuka. Kabla hajaolewa, huko Mombasa, alilala na homa siku arubaini, nywele zikanyonyoka. Aliweka ungo chini. "Na yule bwana wenu wa maabara, aliyekuwa akija Jumamosi?" "Huenda naye," nilisema. Akaanza kufuta mikono yake kwenye leso, anafuta na kufuta, mikono ambayo haikuwa na kitu. Ndipo nikamwambia kwamba kosa ni langu, kwamba vikopo vyake viwili nilivimwaga.

Mikono ikaacha kufuta. "Nilileta, sivyo?" alisema. "Nilileta vyote."

"Ulileta vyote, Bi Zuhura."

Amezima jiko. Pale pale kwenye hoteli sasa anauza mikeka na leso, na anameza dawa alizopewa. Madereva wengine wanampita bila salamu. Wengine wanasimama wananunua mkeka wasiouhitaji. Daktari anasema huenda akapelekwa Mombasa kutolewa nyongo, ndipo apone kabisa.

Daktari naye nilimweleza. Nilipeleka kitabu, nikamwonyesha ukurasa. Chini ya sahihi yako nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu kwamba viwili havikuoteshwa, na jina langu. Alisoma, akainamisha kichwa. Aliniandikia barua ya onyo, akaiweka kwenye faili. Kisha akasema, "Kesho uje kazini saa moja, maana sina mwingine." Nilikuwa nimetumaini atanifukuza. Ningepanda Werugha, nikamsaidia mama na kabeji zake, nikasahau harufu ya maabara. Lakini nilirudi saa moja.

Mkeo nilimwacha mwisho, kwa woga. Wiki iliyopita nilipanda Chawia. Nilimkuta Mama Mghoi kwenye matuta ya chini, anapalilia maharagwe. Nilimweleza yote nimesimama, kuanzia vikopo mpaka neno lako la kula bila wasiwasi. Hakuacha kupalilia. Alikwenda mpaka mwisho wa mstari, akageuka, akaegemea jembe.

"Miezi kumi na moja nimelala nikimlaumu baba Mghoi," alisema. "Nasema, mtu mzima na akili zake, anaweka mrija wa magonjwa mdomoni, anatuacha kwa uzembe wake. Hata kaburi lake sikulipalilia. Nilikuwa na hasira naye." Akapangusa uso kwa mkono wenye udongo. "Kumbe ningeweza kumlilia tu."

Nikaanza kusema pole. Akanikatiza. "Nenda, Wakesho. Leo sina neno la kukupa. Uje siku nyingine. Sijui kama nitakuwa nalo, lakini uje."

Nilipofika kwenye kona ya njia niligeuka. Alikuwa ameliacha shamba. Alikuwa amepiga magoti pale kwako, anang'oa nyasi kwa mikono, na mdomo wake unakwenda, anakwambia jambo. Sikukaa kusikiliza. Yale ni yenu.

Mwalimu, sikuombi msamaha, maana huna namna ya kuninyima wala kunipa. Nilitaka tu ulisikie kutoka kwangu, usilisikie kwa mtu mwingine huko uliko, kama huko kuna kusikia. Ulikuwa na haki ya kujua ulichotia sahihi.

Mchana unaisha, na nje kuna watu kwenye benchi wananisubiri. Pumzika, Mwalimu wangu. Wewe umemaliza. Jumapili nitapanda Chawia tena, na Jumapili itakayofuata, na nyingine baada ya hiyo. Nitasimama uani kwa Mama Mghoi, nami nakuahidi, sitaketi mpaka yeye mwenyewe anisogezee kigoda.

Wakesho