Utani wa Bwana Maganga

Kanyenye, Tabora

Kwa dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Najua umeitikia marahaba kwa sauti, ingawa uko peke yako na karatasi, maana wewe barua unazungumza nayo kama mtu aliyeketi mkekani. Mimi huku ni mzima, nakula, nalala. Watoto hawajambo? Na mvua za huko zimeanza au bado mnatazama mawingu? Huku zimenyesha mapema, na njia ya kwenda kazini ni tope tupu.

Mwili ni mzima, lakini moyoni nina kijicho, dada. Nakwambia wewe kwa sababu hapa Tabora hakuna ninayeweza kumwambia akaacha kunicheka. Kwa hiyo hii usiisome kwa sauti. Funga mlango kwanza.

Kazi yangu unaijua, ni pale kiwanda cha asali. Warina asali wanaleta madebe kutoka misitu ya Ipole, sisi wanawake tunachuja, tunayeyusha masega tupate nta, tunajaza chupa. Kazi nzuri pale ni moja tu, ya mzani. Mwenye mzani ana kiti chake chini ya dirisha, anapima debe, anaandika, jioni anarudi nyumbani kanga yake safi. Kazi mbaya ni ya motoni, kwenye mapipa ya nta. Huko nta ikikurukia mkononi inaondoka na ngozi. Yule bwana wa reli aliponileta huku kisha akaniacha kwa talaka moja na kupanda treni yake, niliomba kazi pale, na kwa kuwa najua kusoma na kuandika wakanipa mzani.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Maganga, Mnyamwezi wa hapahapa. Siku aliposikia mimi ni Mzaramo alipiga makofi.

"Ala! Kumbe nimeletewa mtani! Babu zangu walibeba pembe mpaka kwenu pwani, mkawauzia hata maji ya kunywa. Leo nimepata wa kumlipiza!"

Tukacheka wote, na mimi nikamjibu kwamba babu zake walikuwa wakinywa bila kulipa. Ndivyo utani ulivyo, nani asiyejua? Unakumbuka mama alipofariki, watani wa Kinyamwezi wa pale nyuma ya soko ndio waliochimba kaburi. Wakaficha jembe, wakasema mama hazikwi mpaka waletewe kuku, nasi tukacheka huku machozi yanatutoka. Mtani hakasirikiwi.

Basi Bwana Maganga akaujua udhaifu wangu huo. Akinifinya mbele za watu, ni utani. Akinishika kiuno nikiwa nimebeba debe, ni utani. Akiniambia maneno ambayo hata mume hamwambii mkewe mchana, anamalizia, "Usikasirike, mtani." Wenzangu wanacheka, na mimi nacheka. Miaka mitatu, dada. Nilicheka mpaka mashavu yakauma. Siku moja aliniita stoo ya nta, ati tuhesabu madebe, akaukomea mlango. Nilimsukuma, nikatoka na kanga imechanika. Nje nikawaambia wenzangu nimenasa kwenye msumari.

Wiki iliyofuata nikafikiri, kama huu ni utani, na mimi nina haki yangu. Alipopita uani mbele ya watu nikamvua kofia yake ya kitambaa, nikaivaa, nikaanza kutembea kama yeye, tumbo mbele. Watu walicheka sana. Unajua desturi, mtani akikuvua kofia unaikomboa kwa soda au kipande cha muwa, mambo yameisha. Yeye hakukomboa. Aliinyang'anya kichwani mwangu, uso umemvimba, akasema, "Kesho uende motoni." Nikaenda. Nimekaa motoni tangu siku hiyo, ukiondoa siku chache nitakazokueleza, na mikono yangu ukiiona sasa utadhani ni ya mfua vyuma.

Nilikuandikia wakati ule. Sikukwambia yote, nilikwambia tu kwamba msimamizi ananisumbua. Ukanijibu, mvumilivu hula mbivu, na mwanamke aliyeachwa asichague kazi. Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo. Nilivumilia kama ulivyosema, na mbivu kala mwingine.

Huyo mwingine anaitwa Naomi. Ni binti wa Kimoravian kutoka upande wa Sikonge, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Alikuja juzijuzi tu, na siku ya kwanza akapewa mzani. Mzani wangu! Nikawa namtazama kutoka kwenye moshi, yeye kakaa pale dirishani anaandika kwa mwandiko wa shule ya misheni, na kila alipoinama kuandika mimi nilikuwa naomba wino umwagike. Alikuwa akinisalimia vizuri, "Shikamoo dada Zuhura." Nilimwitikia kwa shingo upande.

Kumbe na yeye ameanza kuitwa stoo. Yeye si Mzaramo, ni Mnyamwezi mwenzake Bwana Maganga, kwa hiyo hapo hakukuwa na utani wa kusingizia, lakini yule bwana alikuwa amekwishazoea. Siku alipomshika maungo, Naomi hakucheka. Alitoka nje akasimama katikati ya uwanja, akasema kwa sauti ile ya kwaya, "Bwana Maganga amenishika, nami sikumruhusu." Basi. Sentensi moja. Kabla ya saa sita alikuwa amekwenda kwenye kamati ya wafanyakazi. Na unajua siku hizi, tangu chama kitoe ule mwongozo tunaousikia kwenye redio, hata mfagiaji anajua kwamba mkubwa wa kazi hana ruhusa ya kumnyanyasa mtu. Kamati ikamwita Bwana Maganga mara moja.

Sasa nisikilize, dada, maana hapa ndipo nilipofanya ubaya.

Bwana Maganga aliwaambia kamati, "Ndugu zangu, mimi ni mtu wa mzaha na kila mtu. Huyu binti ni mgeni, hajanizoea. Muulizeni Zuhura, mtani wangu. Miaka mitatu natania naye, na hajalalamika hata siku moja."

Nikaitwa. Ndugu mwenyekiti akaniuliza kama Bwana Maganga amewahi kunivunjia heshima. Chumba kizima kilinitazama, na Naomi alinitazama akiwa na matumaini usoni. Nikayaona yale matumaini, nikachukia. Nilijiuliza, huyu ana nini? Amekaa hapa miezi mitatu na kamati imeketi kwa ajili yake. Mimi nimeungua miaka, nani aliniwekea kiti aniulize? Nikasema, "Ni utani tu, ndugu mwenyekiti." Karani akaandika.

Sikuogopa kufukuzwa, usije ukanitetea kwa hilo. Ulikuwa wivu mtupu.

Naomi akaambiwa amemsingizia mkubwa wake, arudi kwao mpaka uamuzi utakapotoka. Kesho yake Bwana Maganga akaniletea chupa ya asali. "Mtani wangu umeniokoa. Toka huko motoni, rudi kwenye mzani." Nami nikarudi, dada. Nikakaa kwenye kile kiti, nikafuta mwandiko wa Naomi ubaoni, nikaandika wangu. Siku mbili nilijiona malkia. Siku ya tatu alikuja akasimama nyuma yangu, akaegemea kiti, akasema polepole, "Zuhura, leo tukahesabu madebe stoo."

Niliweka kalamu chini. Nikamwambia naumwa tumbo, nikaenda chooni, nikakaa huko nalia. Nilikuwa nimemuuza mtoto wa watu kwa kiti, na kiti chenyewe kilikuwa na mwenye nacho.

Nikasikia Naomi hakukubali, amelifikisha shauri kwa Afisa Kazi. Siku ya kikao nilikwenda bila kuitwa. Nilimkuta Naomi ameketi mbele, na nyuma yake mama yake, mwanamke mwembamba wa shamba, miguu ina vumbi la safari. Alikuwa amepanda lori la tumbaku kuja kukaa tu nyuma ya binti yake. Hakusema neno lolote kikao kizima. Naomi sauti ilipomkwama, yule mama alimgusa mgongoni kwa kiganja, naye akaendelea.

Bwana Maganga alirudia wimbo wake wa utani, akataja na jina langu. Nikanyoosha mkono. Afisa Kazi, mtu mzima mwenye miwani, akafungua jalada.

"Wewe ndiye Zuhura? Hapa uliiambia kamati kwamba ni utani."

"Nilisema uongo, mzee."

Nikamweleza kila kitu, kufinywa, stoo, kanga iliyochanika, mpaka nikafika kwenye ile kofia. Afisa akavua miwani, akamgeukia Bwana Maganga.

"Mtani wako alipokuvua kofia, uliikomboa kwa kitu gani?"

"Sikuikomboa, mzee."

"Ulicheka?"

"Mzee, pale ni kazini. Kazini mtu ana heshima yake."

"Basi na yeye ana heshima yake kazini," Afisa akasema. "Mimi ni Mgogo, bwana, watani ninao mpaka wengine siwajui. Mtani ninayemtania na yeye ananitania. Wewe ulikuwa na utani wa peke yako."

Mabwana wa kiwanda wakaomba suluhu palepale, hawakutaka liende mahakamani. Hati ikaandikwa. Bwana Maganga aondolewe kazini. Asome msamaha mbele ya wafanyakazi wote. Naomi apewe fidia, na arudi kwenye kazi yake ya mzani. Watu wakampongeza. Mama yake akamfunika mabega kwa kanga yake mwenyewe na kumsemesha Kinyamwezi, taratibu, maneno mengi ambayo sikuyaelewa.

Nikamuuliza Afisa, "Na mimi, mzee?"

"Mlalamikaji ni mmoja, mama. Wewe ni shahidi." Kisha akaongeza, bila ukali, "Shahidi aliyebadili maneno. Shukuru hawajakushtaki kwa hilo."

Siku ya msamaha tulipangwa uwanjani. Bwana Maganga alisoma kwa sauti ya chini, mwenyekiti akamwambia asome upya. Alilitaja jina la Naomi mara nne. Langu halikuwemo. Alipomaliza, Naomi akaenda dirishani kwenye kiti chake, na mimi nikarudi motoni, maana kiti ni kimoja.

Dada, mimi ndiye niliyesema ya kofia! Bila mimi wangempeleka kwao na aibu yake. Nilijiambia hivyo mbele ya pipa la nta, nikakasirika mpaka nikamwaga nusu ya masega. Kisha nikakumbuka kwamba bila mimi asingerudishwa kwao hapo kwanza, hasira ikanigeukia mwenyewe.

Jioni Naomi alinifuata. Nilidhani amekuja kunisema, nikajiandaa na ulimi wangu wa pwani. Akaniambia, "Dada Zuhura, peleka shauri lako. Mimi nitakuwa shahidi wako. Wenzetu waliokuona unarudi na kanga imechanika nao nimewauliza, wawili wamekubali." Aliyasema hayo kama mtu anayekuazima ungo. Hata wema wake niliuonea wivu. Ningekuwa mimi nimefanyiwa nilivyomfanyia, ningemwacha mtu aungue.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya kazi, nimeandikisha. Wanasema kwa kuwa nilidanganya kamati huenda nisipate kitu, na huenda nikaipoteza hata hii kazi ya moto. Nimekubali. Nataka tu nalo liandikwe, kwamba sikuwa nikitaniwa.

Nisalimie shangazi Tatu aliyetulea, mwambie ubani wake bado ninao kidogo. Nisalimie shemeji Kondo na cherehani yake, na mwanao Rukia, ambaye nasikia amevunja ungo. Usimfundishe kucheka ovyo. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani mpe shikamoo yangu.

Nimekwambia nina kijicho na Naomi, na ungekuwa hapa ungeniuliza ni cha nini. Fidia nilifikiri ndiyo, halafu nikafikiri ni kiti. Usiku wa juzi nimejua. Ni yule mama aliyekaa nyuma yake. Kijicho hicho ndicho nilichomwonea, dada, na ndicho kinachoniuma hadi ninapoandika hapa.

Karani wa ofisi ya kazi ana sehemu kwenye fomu, nani atafuatana na mlalamikaji. Nilimtajia jina lako kabla sijakuomba, na ameshaliandika. Kikao ni baada ya Idi. Hutatakiwa kusema chochote. Njoo ukae nyuma yangu.

Mdogo wako,
Zuhura