Ramani Tuliyoitundika Barazani

Msambweni,
Jumapili, baada ya alasiri.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekubali angalau kukupandisha ngazi bila kumwita mtu akushike mkono. Baba je, analala siku hizi, au bado kikohozi kinamkalisha kitako? Mimi mwili ni mzima, alhamdulilahi. Moyo ndio mgonjwa.

Ijumaa uliponipigia simu nikakwambia kazi ni njema, nilikudanganya. Nilisikia sauti ya Shangazi na vicheko vya watoto, nikajua simu umeiweka juu ya meza ili nyumba nzima isikie, kama kawaida yako. Nililo nalo si la kusemwa mbele ya nyumba nzima. Ndiyo maana nimekaa chini na kalamu, na barua nampa mwalimu wa madrasa wa hapa jirani, ambaye anakuja Lamu kwa Maulidi, akutie mkononi mwenyewe. Mimi sitakuja. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Najua huko mtaani unawaambia watu kuwa Zuhura kaajiriwa na serikali. Mama, si kweli, na nimeshakwambia mara ngapi? Nimeajiriwa na shirika dogo linaloisaidia kaunti kupanga mambo ya watoto. Kaunti ikipanga kazi zake za miaka ijayo, huwaita watu wazima ikawauliza wanataka barabara gani, zahanati gani, kisima gani. Watoto hawaulizwi. Sisi ndio tunaokwenda kukaa nao, tukawasikiliza, kisha tukayageuza maneno yao yawe ya kiofisi, maafisa wa mipango wayakubali.

Sasa mtoto ukimuuliza hivi hivi unataka nini, anakujibu analodhani mwalimu wake anataka kulisikia. Atakwambia vitabu. Atakwambia madawati. Kwa hiyo sisi huwapa karatasi za manila na kalamu za rangi, kila mmoja achore ramani yake. Anaanza mlangoni kwao, anakwenda mpaka shule, dukani, bombani, kila anakopita. Mahali anapopapenda anapapaka kijani. Anapopaogopa anapapaka nyekundu. Ni njia nzuri, na mimi nilijivunia kuwa hodari wake.

Miezi miwili iliyopita tulikwenda kijiji kimoja huko ndani, nyuma ya Lunga Lunga, kule ardhi inapokauka na watu wakaishi kwa mbuzi na mahindi ya kubahatisha. Jina la kijiji sitaliandika. Msichana nitakayekutajia nimempa jina la Mwanasiti na mdogo wake nimemwita Mejuma, na hayo siyo majina yao. Utaona kwa nini nimekuwa mwangalifu hivi leo, kwa kuchelewa.

Mwanasiti ana miaka kumi na mitatu. Alichora vizuri kuliko wote. Alichora mkunazi wa mlangoni kwao, zizi la mbuzi, choo chao kisicho na paa, njia inayozunguka kichuguu, na mwisho kioski cha maji. Kioski akakipaka nyekundu mpaka karatasi ikataka kutoboka. Wenzake walipokwenda kula yeye akabaki. Nikamuuliza, maji yana chumvi? Akatikisa kichwa. Akaniambia polepole, macho chini, kwamba yule mwenye ufunguo wa bomba huwaita wasichana ndani ya kibanda, mmoja mmoja, na asiyeingia hafunguliwi maji. Akasema, "Mimi siku hizi nakwenda na kaka, lakini kaka akiwa machungani sina budi."

Mama, kanuni ya kazi yetu iko wazi. Neno kama hilo hulali nalo. Unalipeleka kwa afisa wa watoto siku ile ile. Mimi sikulipeleka. Nilijiambia kwamba mpango wa wadi unasomwa barazani baada ya wiki mbili, nitaandika kuwa watoto wanataka bomba jipya kando ya shule, maji yatahama, na shari itakwisha bila ya mtu kuaibishwa. Nilidhani mpango ni dawa ya kila kitu. Nikachukua mkasi nikakata majina yote pembeni mwa karatasi, mtoto asijulikane, nikajiona nina akili.

Siku ya baraza tukazitundika zile ramani kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, ukutani mwa darasa. Wazee wakaja, wanawake wakaja, mwakilishi wa wadi akatuma salamu. Mzee mmoja akasimama mbele ya ramani ya Mwanasiti akacheka. "Hebu tazameni! Sisi tumelilia maji tangu ujana wetu, huyu kayapaka damu. Watoto wa siku hizi hawataki maji!" Watu wakacheka. Kisha mama mmoja akasogea karibu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huu si mkunazi wa kwa kina Mwanasiti? Na choo chao kile, kilichochukuliwa paa na upepo."

Kicheko kikakatika. Maana wanawake walikuwa wanajua, Mama. Niliona kwenye nyuso zao. Walitazama kioski chekundu, wakatazamana, wakavuta leso zao. Na mwenye ufunguo alikuwa papo hapo, kakaa benchi la mbele, karibu na babake Mwanasiti, kwa sababu ni binamu yake. Nami nimesimama na orodha yangu mkononi kama mjinga. Jina nililikata, lakini nyumba nzima niliiacha ukutani. Mtu wa mjini huona michoro. Mwenyeji wa kijiji huona mlango wa jirani yake. Nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, mimi niliyezaliwa mtaa ambao watu hujuana kwa mlio wa makubadhi.

Siku ya tatu nilisikia kwa mwalimu mkuu kwamba Mwanasiti haonekani shuleni. Nilikwenda kwao. Babake alinipokea vizuri, akanitolea kiti, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe ni mgeni wetu na sitakuvunjia heshima. Lakini umenitundikia aibu yangu ukutani. Yule ni mtu wetu. Ya ukoo humalizwa na ukoo." Mkewe alikuwa anapepeta mahindi nyuma yake. Hakuinua kichwa.

Nilirudi ofisini nikamweleza mkuu wetu, Bwana Kazungu. Si mtu mbaya. Alisikiliza, akashika kichwa, akasema, "Zuhura, hili tuliandike kuwa ni changamoto za maji. Mpango haufungi watu." Nilikasirika, nikataka kumtupia faili. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimelificha hivyo hivyo wiki mbili nzima, na wala hakuna aliyeniamuru. Mficha uchi hazai, ndivyo ulivyotuambia tulipokuwa tunaficha homa ili twende tukaogelee. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa afisa wa watoto.

Ni mama mtu mzima, Mduruma, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliandika kila nilichosema. Mwisho akaniuliza, "Ulijua tangu lini?" Nikasema wiki mbili na siku nne. "Wiki mbili na siku nne," akarudia, akaliandika na hilo. Mama, heri angenitukana.

Tulikwenda naye Lunga Lunga, maana ndiko Mwanasiti alikopelekwa, kwa mama yake mdogo anayewauzia chapati madereva wa malori pale mpakani. Tulimkuta Mwanasiti anakanda unga. Mama mdogo ni mtu mwema, alhamdulilahi, na chumba ni safi, lakini shule hajaandikishwa. Nilipiga magoti nikamwomba mtoto msamaha. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi mazuri njiani. Aliyasikiliza, akafuta mikono, akaniuliza, "Dada, bomba limehamishwa?"

Nikasema bado.

"Basi maji sasa anakwenda kuteka nani?"

Akajijibu mwenyewe, "Mejuma." Akarudi kwenye unga wake, akasema, "Ana miaka tisa."

Polisi wameandika maelezo. Yule bwana aliitwa, akahojiwa, akarudi nyumbani kungoja uchunguzi, na ufunguo bado uko mfukoni mwake kwa sababu kamati ya maji haijakutana kumchagua mwingine. Wazee wa ukoo wanataka yaishe kwa mbuzi na fatiha. Afisa wa watoto amekataa katakata, na anahangaika Mwanasiti apate nafasi shuleni kule kule aliko. Kuhusu mpango, nilimwambia Bwana Kazungu kuwa changamoto za maji siziandiki. Akanisukumia kompyuta akasema niandike nipendavyo na jina langu niliweke chini. Nikaandika kwamba watoto wa kijiji hiki wanaogopa kwenda bombani, na wanayemwogopa ni mtu mzima aliyekabidhiwa ufunguo. Kama mstari huo utafika mezani kwa wakubwa au utafutwa njiani, sijui. Ramani yenyewe tumeitia kwenye bahasha, iko kwa afisa. Hatutundiki tena kitu chochote.

Ndiyo maana sitakuja Maulidi. Ningekuja ningekaa nanyi nikila mahamri huku akili iko kwenye foleni ya maji.

Nisalimie Baba, umwambie kile kitambaa cha kanzu nimekipata Ukunda, nitamletea mwenyewe. Nisalimie Shangazi, na umpe pole kwa hasira zake, najua atasema alinikataza kazi za watu. Kaka Athman mwambie awe anawasindikiza binti zake chuoni kwa Kurani, hata kama ni pua na mdomo. Asiniulize kwa nini. Bibi mbusu mkono kwa niaba yangu.

Kuna neno moja la mwisho. Wiki iliyopita wanawake wa kile kijiji walianza kitu ambacho hakimo katika mpango wowote. Hawakuitisha mkutano. Siku moja walikuja wanne bombani pamoja na watoto wao, siku ya pili wakawa tisa. Sasa wana zamu. Kioski kikifunguliwa saa kumi, mtoto yeyote akija na mtungi, kuna mama amesimama naye mpaka ujae, na mlango wa kibanda unaachwa wazi na mtu mzima ameuegemea. Nilikwenda kuwaomba nami wanitie kwenye zamu. Wote wakamtazama mama yake Mwanasiti. Yeye hajanisemesha tangu siku ya baraza, na siku hiyo pia hakunisemesha. Alichukua mtungi wa Mejuma akaniwekea miguuni, akaenda zake.

Zamu yangu ni kesho. Niombee, Mama.

Ni mimi mwanao,
Zuhura