Neno Moja la Kuita Lori

Jumatatu, 10 Machi 2025

Lori haikukuja. Majani yetu ya chai imelala kwa senta ya kupimia hapa Gesima mpaka ikawa nyeusi. Na ni mimi nilitangazia watu — kanisani, sokoni Nyaramba, hata kwa matanga ya kina Ogari — ati Orpah wa dada yangu ndiye ametengenezea kiwanda ile programu mpya ya kuita lori. Nilijitakia. Leo jirani yangu Jacinta amenipitia na kikapu: "Mama Lewis, ambia mtoto wenu asijali, chai yetu imeshapikwa na jua." Wamama wote kwa senta wamecheka. Mimi pia nimecheka, lakini kwa mdomo tu.

Jumanne, 11 Machi

Tena hakuna lori. Karani wetu Nyasani anasema hesabu ya kilo inafika kiwandani vizuri kabisa kwa programu, ni lori tu haisikii. Amepiga simu, wakamwambia simu hawaskizi tena, kila senta ilikuwa inadanganya ndio ibebewe kwanza. Ukweli, hata sisi tulidanganya sana. Sasa ni komputa tu.

Nimepigia Orpah huko Kiogoro. Nimeongea mpaka kredo ya simu ikaisha, akanipigia yeye. Anasema kiwanda ilimpa ramani ya kila ujumbe, anaiita skima. Programu yake inasoma ramani, inaandika ujumbe. Ule wa kilo uko na vitu ndani: jina ya mkulima, senta, uzito. Huo unapita. Ule wa lori hauna kitu ndani. Ni neno moja peke yake — ndiyo, ama hapana. Sasa programu inafungua, inatafuta vitu vya ndani, inakosa, inatuma ujumbe mtupu. Kiwanda ikiona mtupu inajua hatutaki lori.

Kwani neno moja inashindaje kitu imebeba kilo ya kijiji nzima? Nimekasirika mpaka ugali ikaungua.

Jumatano, 12 Machi

Ombui, anayefanya kazi na Orpah, alisema hiyo ni kitu ya dakika. Ameweka kakitu, kama kasanduku, ndani ya ujumbe, halafu akaweka ndiyo ndani ya hako kakitu. Programu ikafurahi. Kiwanda ikakataa: kwa ramani, kakitu kama hako hakako. Ni kama kupelekea jirani yai moja ndani ya sufuria, ndani ya gunia. Si atauliza umebeba nini?

Roselyne ameacha kuchuma, ati afadhali auze ndizi zake. Na kiwanda imeambia Orpah, Ijumaa ikikataa tena kazi wanapea mtu mwingine. Ameniambia na sauti ya chini. Hiyo sijaambia mtu. Ni Jacinta tu.

Alhamisi, 13 Machi

Orpah amepiga. "Anti, nimepata mahali inapotea. Programu yangu ni kama wewe."

Kama mimi vipi?

"Ukiulizwa kama uko na chumvi, unaanza na mvua, unaingia kwa ng'ombe ya Angwenyi, unatokea matanga. Ndiyo yenyewe haitoki. Hata hii haijui kujibu bila hadithi."

Sasa anaifundisha iulize kwanza: huu ujumbe, kuanzia juu kabisa, uko na vitu ndani, ama ni neno tu? Ikiwa ni neno, iiandike hapo hapo, inyamaze. Nimemwambia hana adabu. Lakini nimepita nyumba kwa nyumba nikiomba wamama wachume mara moja tena. Kila nyumba nimekawia. Chai, habari.

Ijumaa, 14 Machi

Senta imejaa. Wamechuma, hata Roselyne. Jua ikizama ni Sabato, na sisi wote hapa hatugusi kikapu mpaka kesho jioni. Lori ikikosa leo, hayo majani itakuwa ya kutupa.

Nyasani amebonyeza ya kuita lori. Orpah ameniandikia: imetoka ndiyo, peke yake, na kiwanda imepokea.

Kupokea si kufika. Barabara ya kutoka huko ni matope.

Jacinta ameniuliza mbele ya wote: "Mama Lewis, lori inakuja ama haiji?"

Nilikuwa na mengi. Ya skima, ya Ombui, ya yai kwa sufuria. Nimesema, "Ndiyo."

Wamengoja niongeze. Sikuongeza. Nyasani ameinua kichwa kutoka kwa mizani.

"Uko mgonjwa?" Jacinta ameuliza.

Naandika nikiwa nimekalia gunia. Jua imegusa miti ya kilima. Barabarani bado kimya. Lakini hakuna mtu amechukua kikapu yake akaenda nyumbani.